Bunduki Inayotupa Maganda Kushoto

Dukani kwangu kuna vitu vya aina mbili: vinavyouzika, na vile nilivyonunua kwa sababu nilikuwa nataka kitu kingine kilichokuwa pembeni yake. Ile bunduki ya marisau ya watu wa mkono wa kushoto ilikuwa ya aina ya pili. Niliipata kwa mjane mmoja kule Clarendon. Mimi nilikuwa nataka friza lake tu, lakini yeye alitaka vyote viondoke pamoja. Friza liliuzika kabla halijashushwa kwenye gari. Bunduki ikabaki ukutani msimu baada ya msimu, nikawa naipangusa vumbi kila mpunga ukivunwa. Ilikuwa bunduki nzuri, yenye kujikoki yenyewe, laini begani. Kasoro yake ilikuwa moja: kidirisha cha kutemea maganda kilikuwa upande wa kushoto, na huku Arkansas sijui Mungu aliwapeleka wapi watu wa mashoto, maana dukani kwangu hawaji.

Verlon Pruitt alikuja mwezi wa kumi, wakati wenye mashamba wameanza kuziba matuta ili maji yajae mashambani na msituni bata waje. Mkono wake wa kulia ulikuwa umetoka kwenye bandeji wiki chache tu. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya pampu ya kisima cha mpunga akiitengeneza, na bega likaunganishwa kwa skrubu. Ndiyo kazi aliyofanya maisha yake yote: kutengeneza visima vya watu waliokuwa na mashamba, yeye mwenyewe akiwa hana hata kitalu cha nyanya. Mkewe alimwacha zamani akahamia Little Rock, na watoto hawakujaliwa. Anaishi kwenye nyumba ya bati kando ya bwawa. Anapokuwa mpweke hupiga simu dukani kwangu kuuliza bei ya vitu asivyovihitaji. Aliwahi kuniuliza bei ya tandiko, na farasi hana.

"Bwana Verlon," nikamwambia, "bega linasemaje?"

"Bega linasema sawa. Daktari ndiye anayesema hapana. Ananiambia nikipiga tena ile pampu yangu, skrubu zote zitamrukia yeye mwenyewe usoni."

Pampu aliyokuwa akisema si ya maji. Ni bunduki yake ya zamani, ile ya kuvuta kwa mkono kila unapofyatua, iliyo nyepesi na yenye teke la nyumbu. Aliinunua akiwa kijana na hakuwahi kuwinda na nyingine.

Harlan Grubbs alikuwa amekaa kwenye stuli yake karibu na birika la kahawa. Harlan ana shamba kubwa na nyumba nzuri, lakini kahawa huja kunywa kwangu.

"Hamia kwenye uvuvi, mzee," akasema. "Samaki hawana teke."

"Na wewe hamia kwenye birika lako," Verlon akamjibu. "La huyu kijana umeshalitoboa."

Kijana ndiye mimi. Nina miaka hamsini na kitu na nywele zimeniaga, lakini kwa Verlon mimi ni kijana tangu nilipokuwa nikiokota bata bandia wa kuvutia bata wa kweli, waliopotea mashambani na kuwauzia wenyewe waliowapoteza.

Nikatandika kile kipande cha zulia juu ya kaunta na kumwekea bunduki mbili. Mimi simwonyeshi mtu bunduki tano. Ukimwonyesha tano anakwenda nyumbani kufikiri.

Ya kwanza ilikuwa ya Kiitaliano. Hii hujikoki kwa nguvu ya teke lake mwenyewe: bunduki inaporudi nyuma, spingi ndani inajibana, kisha inasukuma kitasa, kile chuma kinachofunga risasi ndani ya mtutu. Haichafuki, haina mambo mengi, na unaweza kuitupa kwenye tope ukaiokota ikafanya kazi. Lakini ni nyepesi, na lile teke analipokea mwenye bega.

"Hii hapana," Verlon akasema kabla sijamaliza.

Ya pili ilikuwa ya gesi. Sehemu ya moshi wa baruti hupita kwenye tundu dogo la mtutu na kusukuma kitasa nyuma, ndiyo maana teke linagawanyika na kukufikia kama mtu anayekusukuma kwenye foleni ya kanisani. Ni nzito kidogo, na usipoisafisha inakugomea. Kwa mzee mwenye skrubu begani, ndiyo hiyo. Nilikuwa nimeshamchagulia kabla hajafika kwenye kaunta.

Akaiinua begani. Akaitelezesha juu ya vichwa vya kulungu vilivyopo ukutani, polepole, jinsi mtu anavyomfuata ndege. Usoni nikaona ameipenda. Halafu akaishusha, akageuza kichwa kutazama upande wake wa kulia, pale ambapo hapakuwa na mtu.

"Inatupa maganda kulia," akasema.

"Zote zinatupa kulia, Bwana Verlon. Dunia nzima inatupa kulia."

"Orval anasimama kulia kwangu."

Harlan akatazama ndani ya kikombe chake.

Orval Scoggins alikuwa dereva wa malori ya mpunga, na ndiye mwenzake Verlon wa kuwinda bata kwenye msitu wa maji kwa umri mzima wa mtu. Sikio lake la kulia lilikufa kwa milio ya bunduki, kwa hiyo Verlon husimama kushoto kwake ili amnong'oneze kwenye sikio lililo hai. Na ile pampu ya Verlon hutemea maganda chini, tumboni mwa bunduki, majini moja kwa moja. Ndiyo maana Orval hakuwahi kuungua shavu. Bunduki ya kujikoki inatupa ganda la moto kwa nguvu mpaka hatua kadhaa. Ukisimama upande wake mbaya utaijua.

Lakini Orval hakuwa tena Arkansas. Moyo ulimsumbua, na binti yake Twyla akamhamishia kwake Tulsa wakati wa masika. Kila Jumapili alimpigia Verlon simu na kumwambia, "Siku ya kufungua msimu nitakuwepo, usimpe mtu mti wangu." Na wakati wa kiangazi huyo huyo Twyla alikuja dukani kwangu akiwa na trela. Aliniuzia mashua ya baba yake, mota, magunia ya bata bandia na ile suruali ya mpira inayofika kifuani. Hakubishana bei. Mtu asiyebishana bei anataka kitu kiondoke machoni.

Mimi si mtu wa kuzungukazunguka. Nikamwambia, "Bwana Verlon, mashua ya Orval iko nyuma hapo. Nimeinunua mimi."

"Nimeiona. Turubai umeifunga vibaya, maji yanaingia kwenye mota."

"Basi kama mashua ameuza..."

"Ameuza mashua, hajauza miguu. Atapanda yangu."

"Twyla atamwachia?"

"Kijana, unauza bunduki au unauza habari za familia ya watu?"

Ni kweli nauza bunduki. Ningeweza kubishana naye mpaka jioni kwamba upande wake wa kulia hautakuwa na mtu, na angeondoka na lile bega lake na ile pampu yake, na kufika Krismasi angekuwa hospitali. Au ningeweza kumuuzia bunduki aliyokuja kuitafuta. Nikainua macho ukutani.

"Subiri," nikasema.

Nilipoiteremsha, Harlan akaruka kama amekalia kaa la moto. "Dempsey! Hiyo ya mashoto! Itamtemea moshi mbele ya pua!"

"Harlan, kahawa inapoa."

Lakini nilimwambia Verlon kasoro zote, moja baada ya nyingine, kwa sababu mteja akizigundua mwenyewe anakurudia na hasira. Nilimwambia kwamba yeye ni wa mkono wa kulia, kwa hiyo kidirisha kitakuwa mbele ya uso wake, na lazima avae miwani. Kitufe cha usalama kiko kinyume, na kitako kimepinda upande usio wake. Ni ya gesi, ni laini kama ile nyingine, na maganda inatupa kushoto.

"Kushoto kabisa?"

"Kushoto mpaka nje ya kaunti."

Akaiinua. Kidole kikakitafuta kitufe mahali kilipozoea kuwa, hakikukikuta. Akakitafuta tena. Alisimama pale akifanya hivyo hivyo, anainua, anatafuta, anashusha, mpaka Harlan akachoka kumtania akaenda zake. Baadaye tulitoka nyuma ya duka akapiga ubao uliokuwa kwenye tuta. Ganda la kwanza lilipita mbele ya miwani yake na kuangukia kwenye majani makavu upande wa kushoto. Alilitazama lilipoangukia, siyo ubao.

"Bega?" nikauliza.

"Limenyamaza."

Tukakaa kupatana. Mimi nilikuwa nishakata tamaa na ile bunduki, lakini sikumwonyesha. Yeye aliipangusa kitako kwa kidole akanionyesha vumbi.

"Hii umekaa nayo kama shangazi asiyeolewa."

"Nilikuwa namsubiri mchumba anayefaa."

"Mchumba ni kilema. Punguza."

Mwishowe alilipa kwa kuniachia ile bunduki yake ya pampu, na kisima changu cha nyuma, kilichokuwa kikikohoa mchanga, akakitengeneza kwa mkono mmoja. Tulikubaliana kwamba pampu ingekaa kwangu bila kuuzwa mpaka siku ya kufungua msimu. Kama hii mpya ingekwama majini hata mara moja, tungebadilishana tena. Yeye ndiye aliyedai sharti hilo, na nilimheshimu kwa hilo.

Baada ya hapo simu zake zilibadilika. Hakuuliza tena bei ya tandiko. Alipiga kusema Orval amepata koti jipya. Alipiga kusema Orval anauliza kama maji yamefika kwenye magoti ya mialoni. Ijumaa, siku moja kabla ya msimu, akaja mwenyewe kununua risasi. Akachukua boksi la namba nne, anazotumia yeye, kisha akachukua la namba mbili, zenye marisau makubwa zaidi.

"Namba mbili za nani?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Orval haamini namba nne. Anasema ni za kuulia nzi."

"Amekwambia anafika saa ngapi?"

"Amesema atakuwepo."

Nilimuuzia. Risasi ni biashara.

Mimi siwindi sana. Kusimama kwenye maji ya barafu kumsubiri ndege ambaye naweza kumnunua si jambo linalonivuta. Lakini kulikuwa na lile sharti la pampu, na kulikuwa na bwana mmoja wa Memphis aliyekuwa anakuja Jumatatu kuitazama mashua ya Orval, nami sikuwa nimeiwasha tangu niinunue. Huwezi kumuuzia mtu wa mjini mashua usiyojua kama inawaka. Kwa hiyo Jumamosi nikaiweka majini, nikailaza pampu ya Verlon ndani yake na kwenda kumaliza mambo yote mawili kwa safari moja.

Nilichelewa kuondoka, wawindaji wote walikuwa wameshaingia na mbingu inaanza kuwa ya kijivu. Mota iliwaka kwa shida. Ukiipunguza mwendo inakohoa mara mbili, inanyamaza kama inataka kufa, kisha inapiga ukelele. Orval hakuwahi kuitengeneza, ingawa rafiki yake alikuwa fundi. Nikapita kwenye mfereji mpaka ndani ya msitu, katikati ya mialoni iliyosimama majini. Mahali pao panaitwa Kwa Nyumbu Mfu, uwazi mdogo kati ya miti ambapo bata hushuka. Nilipokaribia nikapunguza mwendo. Ikakohoa mara mbili.

Sauti ikatoka kwenye miti.

"Umechelewa, mbwa mzee wee! Kahawa yako nimeshaimwaga! Zima hiyo takataka kabla hujawafukuza bata wote mpaka Louisiana!"

Na alikuwa anacheka. Mimi na Verlon tumejuana tangu zamani, na kicheko kile sikuwahi kukisikia dukani. Kilikuwa cha mtu mwenye umri mdogo kuliko yeye.

Nikazima mota. Mashua ikateleza yenyewe kidogo.

"Ni mimi, Bwana Verlon," nikasema. "Dempsey."

Kicheko hakikukatika mara moja. Kiliendelea kidogo, kama gari lililotolewa gia likiwa kwenye mteremko, kisha kikaisha. Nikasikia maji yakigonga miti.

"Ah," akasema.

Nikaifunga mashua kwenye tawi. Niliifunga vizuri.

"Basi njoo," akasema baadaye. "Usisimame hapo kama umekuja kukusanya sadaka."

Maji yalinifika mapajani. Verlon alikuwa ameegemea mwaloni wake. Kulia kwake, karibu sana, kulikuwa na mwaloni mwingine ambao gome lake lilikuwa limelainika kwa kuegemewa mgongo mmoja kwa miaka. Kwenye msumari wa mti huo ulining'inia mfuko, na juu ya boksi lililokuwa ndani yake niliona namba mbili. Nikaelekea huko, maana ndipo palipokuwa na nafasi.

"Si hapo."

"Wapi?"

"Upande huu." Akaonyesha kushoto kwake kwa kidevu. "Hapo ni kwa Orval."

Nikazunguka nyuma yake nikaegemea mti wa kushoto, wenye gome la kukwaruza. Yeye akapuliza filimbi yake ya bata, akanyamaza na kusubiri, kwa sababu kazi ya Orval ilikuwa kuitikia kwa ile filimbi ya sauti ya chini, kama majike wanaoongea wakila. Hakuna aliyeitikia. Akapuliza tena, akajiitikia mwenyewe, huku anapiga maji kwa mguu ili yatikisike na bata wanaopita juu waone kuna wenzao.

"Piga mguu, kijana. Hukuja kuegemea tu."

Nikapiga mguu. Maji yakaingia kwenye soksi mahali suruali ya mpira ilipotoboka. Niliinunua hivyo hivyo.

Wakaja. Walizunguka juu ya matawi, wakazunguka tena, halafu wakaanza kushuka kati ya miti, miguu imeteremshwa, vichwa vya kijani vikiwaka kwenye mwanga mpya. Walijigawa wenyewe: baadhi upande wetu, baadhi upande wa kulia.

"Wape!" Verlon akaita, kama inavyoitwa kwa watu wawili.

Akapiga mara tatu. Bunduki ilitema vizuri sana. Ganda la kwanza lilinigonga kofia. La pili lilinipata shavuni. La tatu liliingia kwenye kola, likashuka mpaka kifuani, ndani ya suruali ya mpira, mahali ambapo mtu hawezi kupafikia.

"Yesu na mitume!"

"Nini?"

"Maganda yako! Yananichoma!"

Alinitazama. Akaitazama bunduki. "Inatupa kushoto," akasema.

"Najua inatupa kushoto, mimi ndiye niliyekuuzia!"

"Ulisema mpaka nje ya kaunti."

"Acha nihamie kulia, Bwana Verlon. Pale pana nafasi."

Aliugeukia ule mti wenye gome laini, akautazama, akatazama mfuko. Nilidhani atakubali. Mtu yeyote mwenye akili ya biashara angekubali, maana nafasi ilikuwa tupu na mimi nilikuwa naungua.

"Inua kola," akasema.

Nikainua kola.

Wakaja wengine kabla jua halijafika kwenye matawi. Safari hii nilikuwa nimejikunja kama kobe, kwa hiyo niliweza kuona. Waliokuja kushoto aliwapiga na kuwapata wawili. Waliokuja kulia walishuka karibu kabisa na ule mti, wangeweza kupigwa na mtoto, na hakuwaelekezea mtutu. Kuna adabu huku kwetu: ndege wa upande wa mwenzako ni wa mwenzako. Wale wa kulia waligusa maji, wakaona mambo, wakainuka taratibu kupitia kwenye matawi wakaenda zao. Aliwatazama mpaka walipopotea.

"Hao alikuwa anawapata wote," akasema.

Bunduki haikukwama. Tulipokuwa tunafunga bata bandia nilimwambia pampu yake ninayo kwenye mashua, na kama anaitaka aseme sasa. Akatikisa kichwa. Bega lake liko sawa, akasema, na pampu ni yangu. Akaondoa mfuko wa Orval kwenye msumari, akamimina kahawa kwenye vikombe viwili, akanipa kimoja.

"Mashua hiyo inamwendea nani?"

"Bwana mmoja wa Memphis. Jumatatu."

"Kesho ukija," akasema, "njoo na mashua nyingine."

Sikuwa nimesema nitakuja kesho. Na mashua nyingine sikuwa nayo inayowaka. Nilimwambia tutaona.

Orval alipiga simu Jumapili, kama kawaida yake. Verlon hakuniambia waliongea nini, nami sikuuliza. Jumatatu yule bwana wa Memphis akaja na viatu safi. Akaipiga mashua teke pembeni, akasema mota inakohoa, akataja bei ya matusi na kujiandaa kubishana. Nilimwambia achukue. Harlan nusura amwage kahawa yangu.

"Dempsey, unaumwa?"

"Jumamosi sitakuwepo dukani," nikamwambia. "Ukiondoka zima birika."

Nilipata mashua ndogo ya kasia kwa jirani, na kwa ajili ya yale maganda nikajifunga shingoni skafu ya mke wangu. Mkeo akikuuliza skafu yake ya sufu imekwenda wapi, mwambie ukweli: unasimama upande wa kushoto.